Gololi sita zinazoisukuma IST kupanda mlima

Gari likianza kulia ka-ka-ka-ka kwenye kona, hapa Mwanza kila mtu ana jibu: CV imekufa, yaani jointi ya CV (constant velocity, kasi isiyobadilika) inayopeleka nguvu kwenye tairi. Fundi anaagiza spea, hela inatoka, mazungumzo yameisha. Mi naona hapo ndo yalitakiwa yaanze, maana hicho kidude cha chuma kilichojificha nyuma ya tairi la mbele kinafanya kazi ambayo watu waliihangaikia miaka na miaka mpaka ikakubali, na ukishaelewa kinavyofanya huwezi tena kuliona buti la mpira linalokifunika limechanika ukasema ntabadilisha mwisho wa mwezi.

Angalia tairi la mbele la IST, au Passo, Spacio, Raum, hizi gari ndogo zinazovuta kwa mbele ambazo zimejaa kuanzia Buzuruga mpaka Nyegezi. Tairi hilo linabeba uzito wa injini, linakata kona, alafu hapohapo linavuta gari zima. Injini na giaboksi zimetulia zimefungwa kwenye bodi, hazikati kona pamoja na tairi, hazipandi na kushuka na shokapu. Katikati yake kuna draivshafti, chuma kigumu kisichopinda. Sasa nguvu inatoka giaboksi inafikaje kwenye tairi ambalo limegeuzwa mpaka mwisho, mfano unapandisha zile njia za mlimani Isamilo au Mabatini, mawe huku mawe kule, usukani umekata wote na mguu uko kwenye mafuta? Utaniambia kuna jointi. Ni kweli, ila jointi ya kawaida hapo ingekuaibisha.

Hiyo jointi ya kawaida unaweza kuiona leo hii. Ingia chini ya Hiace ya daladala gereji yoyote, tazama propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda difu ya nyuma, yaani gia zinazogawia tairi nguvu. Kwenye ncha za propela utaona msalaba, kile kichuma cha mikono minne, mikono miwili imeshikwa na foki ya shafti moja na miwili mingine na foki ya shafti ya pili. Ni kitu cha zamani sana. Sehemu nyingi duniani wanaiita kwa jina la Gerolamo Cardano, Mtaliano wa karne ya 16, na Waingereza wao wanampa heshima hiyo Robert Hooke, aliyeishughulikia karne ya 17. Ni imara, ni rahisi kutengeneza, beringi zake unabadilisha hata kijijini kwa nyundo na vaisi, na kama shafti mbili zimepishana pembe ndogo tu inapiga kazi safi miaka mingi. Shida inakuja pembe ikikua.

Iko hivi. Mikono miwili ya msalaba iliyoshikwa na shafti ya kwanza inazunguka kwenye bapa lake, yaani uso mnyoofu wa kufikirika, ile mingine miwili inazunguka kwenye bapa la shafti ya pili, na kwa vile shafti zimepinda mabapa hayo mawili hayalaliani. Kwa hiyo kila robo ya mzunguko shafti zote mbili zinaanza pamoja na zinamaliza pamoja, ila katikati ya safari moja inatangulia mwenzake, alafu robo inayofuata inachelewa, inatangulia tena, inachelewa tena. Ukikaa ukahesabu mizunguko ya dakika nzima hutaona kasoro yoyote, inayoingia imezunguka mara 1000 na inayotoka mara 1000. Lakini ndani ya kila mzunguko mmoja kasi imepanda na kushuka mara mbili.

Na inapanda kweli. Kasi ya chini kabisa unaipata kwa kuzidisha na kosaini ya pembe, ya juu kabisa kwa kugawanya na kosaini hiyohiyo. Shafti ya kuingia ikiwa imetulia kwenye mizunguko 1000 kwa dakika, pembe ya digrii 10 inakupa kasi inayocheza kati ya 985 na 1015, hiyo raba na bushi za gari zinaimeza hata hujui. Digrii 30 inacheza kati ya 866 na 1155. Digrii 45, ambayo tairi la mbele linaikaribia ukikata usukani wote huku shafti imelala, inacheza kati ya 707 na 1414! Yaani ndani ya robo mzunguko kasi inakuwa mara mbili ya ilivyokuwa. Chukua tairi lenye mzingo wa mita 1.9 hivi, gari iko kilomita 20 kwa saa kwenye kona, tairi linazunguka karibu mara 3 kwa sekunde, kwa hiyo ungepigwa misukumo kama 6 kila sekunde, usukani unaruka mkononi, tairi linashika barabara na kuachia. Na torki, yaani ile nguvu ya kuzungusha, nayo inapanda na kushuka kinyume na kasi, kwa sababu jointi haitengenezi nguvu yake yenyewe, inapitisha tu ilichopewa, kasi ikipungua torki inaongezeka. Chuma kinachopigwa hivyo hakidumu.

Kwenye propela ya Hiace wanalimaliza hilo kwa kuweka misalaba iliyopangiliwa, wa pili unafuta uhuni wa wa kwanza. Masharti ni mawili: pembe zilingane, na foki za ncha mbili za propela zikae mkao mmoja. Propela yenyewe pale katikati inaendelea kuchezacheza ila difu inapokea kasi iliyonyooka. Ndo maana mzee aliyenionyesha kazi hii pale Mabatini hakuwa anachomoa propela ya kuteleza, ile yenye vipande viwili vinavyoingiliana kwa meno, kabla hajachora alama ya chaki pande zote mbili. "Mwanangu," alikuwa anasema, "ukirudisha umekosea meno, gari itakutetemekea mpaka Magu." Nimeona gari zimeletwa zimebadilishwa senta beringi, zimebalansiwa tairi, mpaka maunti za giaboksi zimeguswa, kumbe mtu alifungua propela akairudisha foki zimepishana. Chaki tu.

Unaweza kuuliza kwa nini wasiweke misalaba miwili iliyoungana kwenye tairi la mbele. Waliweka, magari ya zamani ya kuvuta mbele yapo ya hivyo. Ila inakuwa kitu kikubwa na kizito, na nafasi ndani ya hab ya tairi, kile chuma cha katikati tairi linapofungwa, ni finyu mno, ukizingatia breki nayo iko humohumo.

Sasa ndo tunafika kwenye kitu chenyewe, na hapa naomba usiruke, maana jointi za CV za kupinda sana, kama hii ya nyuma ya tairi, zinatii sharti moja tu. Chukua shafti mbili zilizopinda kwenye kiungo. Simamisha kioo pale katikati kwa namna ambayo kinaigawa pembe yao nusu kwa nusu. Taswira ya shafti ya kwanza kwenye kioo italala palepale ilipo shafti ya pili. Sasa hakikisha kwamba kila sehemu ambapo shafti ya kwanza inaisukuma ya pili iko kwenye uso wa hicho kioo, isitoke hata kidogo. Umbali wa sehemu hiyo kutoka mhimili wa shafti ya kwanza unakuwa sawa na umbali wake kutoka mhimili wa shafti ya pili, wakati wote, hata tairi ligeuzweje. Sehemu ya mguso ni moja, mwendo wake ni mmoja, umbali ni ule ule pande zote, basi kasi ya kuzunguka nayo lazima ilingane. Hakuna shafti yenye sababu ya kutangulia. Ule msalaba unashindwa kwa sababu mikono yake inatoka nje ya kioo kila inapozunguka, inarudi kwenye mstari mara chache tu kwa kila mzunguko.

Kulisema sharti ni rahisi, kulichonga kwenye chuma ndo kazi. Ufaransa mwaka 1926 Pierre Fenaille aliipatia hati miliki jointi iliyoitwa Tracta, yeye na mwenzake Jean-Albert Grégoire wakajenga gari la kuvuta mbele la jina hilohilo na mwaka 1927 likakimbia mashindano ya Le Mans. Ilikuwa na vipande vinavyoteleza vikiwa vimeng'ang'aniana, inafanya kazi vizuri ila msuguano ni mwingi na joto ni jingi. Kipindi hichohicho Marekani, injinia Alfred Rzeppa aliyekuwa Ford akaja na wazo la gololi, likaboreshwa miaka ya 1930, na mwaka 1959 Mini ya Uingereza iliyobuniwa na Alec Issigonis ikatoka na jointi za ukoo huo kwenye tairi zake za mbele. Gari ndogo, ya bei ya watu wa kawaida, injini imelala kwa upana, inavuta mbele. Ukiifungua boneti ya Passo leo unauona mpangilio uleule.

Nimeshazifungua nyingi na bado napenda kuitazama kila inapokuwa imeoshwa na petroli iko juu ya meza. Kuna bakuli la nje, ndani yake limechongwa mifereji sita, na mkia wake wa meno ndo unaingia kwenye hab ya tairi. Kuna kiini cha ndani, kama tufe lenye mifereji sita upande wa nje, kinakaa kwenye meno ya shafti. Kila mfereji wa bakuli unatazamana na mfereji wa kiini na katikati yao imelala gololi moja ya chuma kigumu. Alafu kuna keji, pete yenye madirisha sita, kila gololi na dirisha lake. Vitu vyenyewe ni hivyo tu.

Ujanja uko kwenye mifereji. Haijachongwa kuzunguka kitovu kimoja. Mfereji wa bakuli kitovu chake kimesogezwa kidogo upande mmoja wa katikati ya jointi, mfereji wa kiini kitovu chake kimesogezwa umbali uleule upande wa pili, hivo mifereji inayotazamana haiendi sambamba, inabanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, na gololi haina uhuru wa kuzurura, inakaa pale tu mifereji inapopishana na nafasi inapoitosha. Na kwa vile vitovu vimesogezwa sawasawa kulia na kushoto, mahali hapo panaangukia kwenye kile kioo. Ukipinda jointi digrii 40 gololi zinasogea digrii 20, ukipinda 30 zinasogea 15, nusu kila wakati, na keji inazishika zote sita zibaki kwenye bapa moja hata ile ambayo mifereji yake kwa sekunde hiyo haijaibana vizuri. Hakuna springi, hakuna umeme, hakuna kinachoamua, umbo la mifereji limeshaamua kila kitu kiwandani.

Nguvu yenyewe inapita ubavuni. Shafti inazungusha kiini, ukuta wa mfereji wa kiini unasukuma gololi kwa ubavu, gololi inasukuma ukuta wa mfereji wa bakuli, bakuli linazungusha tairi. Tupige hesabu tuone gololi inabeba nini. Tuchukulie injini ndogo inatoa torki ya nyutoni-mita (Nm) 120, gia ya kwanza na difu vinaizidisha mara 10 kwa jumla, inakuwa 1200, difu inagawa nusu kwa nusu, kila shafti inapata 600. Tuchukulie gololi zimekaa milimita 30 kutoka katikati. 600 gawanya kwa 0.03 ni nyutoni 20,000, zigawie gololi sita kila moja inapata kama 3,300, sawa na uzito wa kilo 340 hivi. Kwenye kigololi kinachokaa kwenye kiganja! Na hapo nimegawa kwa haki, jointi ikiwa imepinda mzigo haugawanyiki kwa haki, kuna gololi inazidiwa na nyingine imepumzika, wanapokezana jinsi inavyozunguka. Na mguso wenyewe ni kidoa kidogo sana, kwa hiyo mgandamizo pale ni wa kutisha, ndo sababu chuma chake kinapikwa kwa moto kikawa kigumu juu, na ndo sababu grisi yake ni ile nyeusi yenye molibdenamu, inayobaki kwenye chuma hata ikigandamizwa hivyo. Mtu anapokuwekea grisi ya kawaida ya beringi kwa sababu "grisi ni grisi", mkatalie kwa heshima, ila mkatalie.

Upande wa giaboksi mambo ni tofauti, watu wengi hawajui kwamba kila draivshafti ina jointi mbili. Ya ndani haihitaji kupinda sana kwa sababu haikati kona, ila inahitaji kitu ambacho ya nje haina: kuingia na kutoka. Gari likipita kwenye tuta tairi linapanda, umbali kati ya giaboksi na tairi unabadilika, na shafti haiwezi kurefuka. Kwa hiyo kwenye gari nyingi za hivi ndani wanaweka ya miguu mitatu, kila mguu una rola, rola zinateleza kwenye njia tatu zilizonyooka ndani ya kikombe. Inapitisha kasi iliyonyooka, japo katikati yake panachora kaduara kadogo mara 3 kwa kila mzunguko wa shafti, na kwenye pembe ndogo za upande huo hakuna anayesikia.

Nimesema chuma kigumu, hesabu za kilo 340, halafu kitu kinachoamua jointi itaishi miaka mingapi ni buti la mpira! Inaniuma kila nikiona. Buti lina kazi mbili, kuzuia grisi isitoke na kuzuia uchafu usiingie. Likichanika, shafti inavyozunguka inairusha grisi nje, utaona imetapakaa ndani ya rimu na kwenye mkono wa sispensheni, nyeusi inang'aa, hiyo ni dalili ya mapema na hapo bado unaweza kuiokoa jointi. Ukichelewa mchanga unaingia. Na mchanga wa Mwanza tunaujua ulikotoka, haya mawe makubwa ya granaiti yanayotuzunguka yanamomonyoka, na ndani ya granaiti kuna kwatzi, punje ngumu kiasi cha kukwaruza chuma. Punje hizo zikishachanganyika na grisi iliyobaki zinakula mifereji mpaka gololi inapata nafasi ya kucheza. Masika ndo mbaya zaidi, maji ya barabarani yanaingia, kutu inaanza kwenye nyuso ambazo zilitakiwa ziwe laini.

Mlio nao una maana yake. Jointi ya nje ikichoka inalia kwenye kona na mafuta yakiwa yamekanyagwa, kwa sababu kadiri pembe inavyokua gololi zinasafiri mwendo mrefu zaidi mbele na nyuma kwenye mifereji yake kila mzunguko, zinapita pale palipolika, zinaruka, kak, inafuata nyingine, kak. Ndo maana ukinyoosha usukani kelele inapotea na mtu anasema imepona. Ya ndani ikichoka hailii hivyo, gari linatetemeka ukiwa umenyoosha na unakanyaga mafuta kupanda, mfano ule mlima wa kwenda Bugando, ukiachia mafuta linatulia. Rola zimechimba vishimo kwenye njia zake. Ukimpelekea fundi gari muelezee hivyo, inalia kwenye kona au inatetemeka kwenye mnyoofu, utamuokolea muda na utajiokolea hela ya kubadilishiwa ya nje wakati mbovu ni ya ndani.

Kuhusu spea, msimamo wangu ni kwamba shafti nzima ya mtumba kutoka Japan ambayo haina mchezo ukiizungusha kwa mkono naipendelea kuliko jointi mpya ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka, kwa sababu ugumu wa chuma hauuoni kwa macho, ila ile ya mtumba imeshathibitisha. Ila badilisha buti zote mbili kabla haijafungwa, na grisi mpya, bila mjadala.

Kitu cha mwisho ni spesa, na hapa najua ntagombana na watu. Gari ndogo chini iko chini sana kwa barabara zetu za ndani, Mahina, Kishiri, Buswelu huko mitaani, mawe yanagonga, kwa hiyo watu wanainyanyua kwa kuweka spesa juu ya shokapu. Naelewa kabisa, ningekaa huko nami ningetamani. Lakini fikiria shafti ya sentimita 40 kati ya jointi na jointi, ukinyanyua gari sentimita 4 umeiongezea pembe ya karibu digrii 6, na hiyo si ya kona tu, ni muda wote, hata kwenye lami iliyonyooka ya kwenda Kisesa. Gololi ambazo kwenye mnyoofu zilikuwa karibu zimetulia sasa zinatembea kwenye kila mzunguko, joto linaongezeka, mikunjo ya buti upande mmoja inavutika na upande mwingine inasuguana. Ya ndani nayo inafanya kazi kwenye pembe ambayo haikuandaliwa iishi nayo, ule mtetemo wa mara 3 kwa mzunguko unaanza kusikika mapema. Kama ni lazima unyanyue, nyanyua kidogo kinachotosha, sentimita 2 si sawa na 5, alafu kila unapomwaga oili mwambie fundi akate usukani wote kushoto na kulia, apanue mikunjo ya buti kwa vidole na aangalie chini kabisa ya mkunjo, maana mpasuko unaanzia pale ndani na kwa juu buti linaonekana zima.